Uzito wa Kiti cha Nyuma

Kipkoech aliilaza pikipiki ubavu kwenye gunia, akafungua vavu ya tairi la nyuma, akatoa kile kisindano cha ndani na kukibana kwa midomo kisipotee kwenye matope. Upepo wote ukatoka. Kisha akatingisha chupa, akaingiza mrija, akaanza kuisukuma jeli ndani ya tairi. Ilikuwa ya kijani, nzito kama uji uliolala, yenye nyuzi na vipande vidogo vya mpira.

Ilikuwa siku ya soko Roret. Kina mama walikuwa wakitandaza kabeji kando ya barabara, na lori la majani ya chai lilikuwa likipiga honi wapishe.

"Hii kitu inafanya kazi mbili," Kipkoech alisema, kisindano bado kikiwa mdomoni. "Ukidungwa, inakimbilia shimo na kuziba kabla upepo haujajua njia. Na ukiwa unaenda tu, inatafuta upande mwepesi wa gurudumu inakaa huko, mpaka pande zote zinakuwa sawa. Hutasikia kutetemeka tena."

"Nimechoka na kutetemeka," Kiplimo, mwenye pikipiki, alisema.

Gurudumu la nyuma lilikuwa likitetemeka tangu mvua ndefu za mwaka jana. Kiplimo alikuwa amebadilisha beringi, amenyoosha rimu, amekaza spoku zote, na bado lilitetemeka. Zaidi ya hayo, mkewe Jecinta alikuwa karibu kujifungua, na njia ya kwenda hospitali ilipita Kona ya Mikaratusi, mahali ambapo tairi za watu zilikuwa na tabia ya kuisha upepo.

Kipkoech alirudisha kisindano, akajaza upepo, akamwambia aende ajaribu. Kiplimo akaenda mpaka kituo cha kupimia majani, akarudi.

"Haitetemeki," alisema. "Lakini ni nzito nyuma."

"Nzito aje?"

"Jaribu mwenyewe."

Kipkoech akapanda, akaenda, akarudi polepole. Alishuka akajipangusa mikono kwa kitambaa.

"Uko na mtu," alisema.

"Wa aina gani?"

"Mwanamke. Si mnene, ila ana mimba kubwa. Kwa kona anakushika shati." Akakunja mrija wake. "Na usiseme ni jeli yangu. Jeli haiwezi kuweka mtu kwa pikipiki. Inasawazisha tu uzito wenye uko. Huyo alikuwa huko kitambo, ndiyo maana gurudumu lilikuwa linatetemeka."

Kiplimo alitazama kiti cha nyuma kwa muda. Kilikuwa kikavu, ingawa manyunyu yalikuwa yakianguka kila mahali.

"Itakuwa ni shemeji," alisema, akapiga kiki akaenda zake.

Shemeji alikuwa Magdaline, dada mkubwa wa Jecinta. Alifariki kwenye mvua za mwaka jana, akiwa na uchungu wa mtoto, kando ya barabara pale Kona ya Mikaratusi. Kiplimo ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali. Tairi lilidungwa na msumari. Kwa bahati, kama watu walivyosema matangani, kibanda cha pancha cha Mzee Mbuthia kilikuwa hapo hapo mbele ya kona, na Mbuthia alikuja mwenyewe na vyombo vyake kwenye mvua. Alitoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni la maji kutafuta tundu, akaisugua, akapaka gundi, akangoja ikauke. Kiraka kisipokauka hakishiki, alisema, na hilo ni kweli. Magdaline alikaa kwenye nyasi, mgongo ukiegemea chai, aproni yake ya nailoni ya kuchumia ikiwa bado kiunoni. Kiraka kilipokauka yeye alikuwa ameshakufa, na mtoto pia.

Mbuthia ndiye aliyetoa mbao za jeneza. Alitoa na misumari.

Kufikia mwisho wa juma Magdaline alikuwa anaonekana, jinsi mtu anavyoonekana ng'ambo ya mvuke wa sufuria. Abiria walimzoea haraka. Winny, aliyepeleka maziwa kila asubuhi, alikuwa akipanda na mtungi wake na kusema, "Mama, songa kidogo, nisije nikakumwagia." Magdaline alisonga. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba pikipiki ya Kiplimo siku hizi inabeba wengi, akahamia kwa mwendeshaji mwingine.

Nyumbani, Jecinta aliuliza maswali yake akiwa anachambua mboga, bila kuinua macho.

"Amevaa nini?"

"Ile sweta ya kijivu. Na aproni."

"Sweta tulimzika nayo. Aproni nilikuwa nimeitundika kwa boma la kuku."

Akatoka kwenda kuangalia. Msumari wa kutundikia ulikuwa mtupu. Akarudi, akaketi.

"Analia?"

"Hapana. Anaangalia barabara."

"Na tumbo?"

"Bado analo."

Jecinta aliweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, akaendelea na mboga.

Kila walipofika Kona ya Mikaratusi, pikipiki iligeuka nyepesi ghafla. Mara ya kwanza Kiplimo alisimama akageuka. Magdaline alikuwa ameshuka. Alikuwa ameinama katikati ya barabara akiokota misumari, kwa mikono miwili, haraka, macho yakitangulia vidole, jinsi anavyochuma mtu aliyezoea chai, majani mawili na kichomozi. Kila kiganja kilipojaa alitupia kwenye aproni. Alifanya upande wa juu, kisha upande wa chini, na hakuacha mahali. Kiplimo aliporudi na abiria wengine alimkuta amesimama kando, aproni ikiwa tupu, akingoja kupanda.

Misumari aliimwaga mlangoni kwa Mbuthia.

Desturi ya huku ni kwamba kitu kilichopotea hurudishwa kwa mwenyewe bila maneno mengi. Ndama akipotea, anayemwokota humfunga kwenye geti la mwenye ndama na kwenda zake. Jembe likisahaulika shambani, huegemezwa ukutani kwa mwenye jembe. Kwa hiyo kila aliyepita na kuona rundo la misumari kwenye kizingiti cha Mbuthia alielewa. Si kwamba walikuwa hawajui. Walikuwa wamemwona miaka yote akielekea kona asubuhi na mkebe wa maziwa ya unga, na akirudi mkebe haulii tena. Lakini watu walikuwa wamekubaliana kusema misumari inaanguka kutoka kwa malori ya kuni za kiwandani. Mbuthia alikuwa mzee wa kanisa. Aliweka viti vya matanga nyumbani kwake na kumwazima kila aliyefiwa. Pampu ya upepo ya karibu zaidi, baada ya yake, ilikuwa mbali.

"Naona umerudishiwa vitu vyako, mzee," mwendeshaji mmoja alimwambia asubuhi ya kwanza.

"Mungu ni mwema," Mbuthia alijibu.

Alileta kigoda, akaketi mlangoni, akaanza kunyoosha iliyopinda kwa nyundo ndogo juu ya jiwe. Iliyonyooka aliirudisha kwenye mkebe. Hakuwa na haraka. Kabla ya hapo alikuwa akinunua misumari mjini Kericho, na safari zilikuwa zimemchosha.

Jecinta hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kanisani alikuwa akiimba bila sauti. Lakini siku zilikuwa zinasonga, kwa hiyo alijifunga leso na kwenda na mumewe kwa naibu wa chifu.

"Nani amemwona mzee akimwaga hiyo misumari?" naibu wa chifu aliuliza.

"Dada yangu," Jecinta alisema.

"Yule marehemu?"

"Ndiyo."

Naibu wa chifu alifikiri vizuri. Hakuwa mtu mbaya. "Basi aje mwenyewe aandikishe taarifa. Siwezi kuandika ya kuletewa."

"Haji huku. Anashuka kwa kona."

"Hapo ndipo kuna shida," naibu alisema. "Barabara ndiyo mpaka. Nusu ya kona ni ya mwenzangu. Yeye anashukia upande gani?"

"Anaokota pande zote mbili," Kiplimo alisema.

"Unaona?" naibu alisema kwa upole, akawasindikiza mpaka mlangoni. "Na wewe, mama, upumzike. Hali yako si ya kutembea tembea."

Waendeshaji wengine walipoona Kiplimo hadungwi walikwenda kwa Kipkoech, mmoja mmoja, wakatiwa jeli. Kipkoech aliongeza meza ya pili. Kibandani kwa Mbuthia kulikuwa kimya, na maji ya beseni yakaota ukungu wa kijani. Jumapili moja alisimama kanisani akaomba kwa ajili ya watu wenye kazi za mikono, ambao kazi zao zinachukuliwa na vitu vya chupa. Watu waliitikia amina. Jecinta alikuwa benchi la nyuma. Aliitikia pia, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea.

Wiki iliyofuata misumari ilibadilika. Ilikuwa ile ya mabati, minene, yenye kichwa kipana, na kila mmoja ulikuwa umekunjwa kidogo ili ukianguka usimame wima. Magdaline alikuwa akichelewa zaidi kwenye kona. Vidole vyake, Winny alisema, vilikuwa vimekatika katika, lakini havitoi damu.

Kiplimo alipeleka mmoja kwa Kipkoech, akauweka mezani.

Kipkoech aliugeuza geuza. "Huu si mchezo. Jeli yangu inaziba tundu la msumari wa kawaida, hiyo sina wasiwasi. Huu mara moja inaweza shika. Mara moja. Wa pili sikudanganyi."

"Jecinta anaweza kushikwa na uchungu siku yoyote."

"Basi omba ashikwe asubuhi, kukiwa kukavu, uone mbele."

Alishikwa alasiri, wakati wa mvua.

Alikuwa jikoni. Alishika ukingo wa meza, akangoja, akashika tena. Mama mkwe wake, Chelimo, alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini, akamtazama usoni, kisha akatoka mlangoni kumwita mwanawe. Walipiga simu kuhusu gari la wagonjwa, wakaambiwa liko Siongiroi na likitoka huko litajaribu. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza. Ilipiga mabati mpaka wakawa wanasemezana kwa mikono.

Kiplimo aliketi mbele, Jecinta katikati amefungwa leso mbili, Chelimo nyuma yake amemkumbatia. Pikipiki ikashuka tena kidogo kwenye springi. Chelimo hakugeuka. Alisogea mbele.

"Jishike hiyo chuma vizuri, mtoto wangu," alimwambia aliyekaa nyuma yake. "Njia ni mbaya."

Walishuka kilima taratibu. Mawe yalikuwa yamechana chai, na harufu ya majani yaliyopasuka ilikuwa kali kama ya kiwandani. Uchungu ukija, Jecinta alimuuma mumewe koti begani. Ukienda, aliachilia. Ndipo wakaanza kuiona mikaratusi.

Kona nzima ilikuwa nyeupe. Mawe ya mvua yalikuwa yametanda kama chumvi, na kilichokuwa chini yake hakikuonekana. Upande wa pili, kando ya barabara, Mbuthia alikuwa amesimama na mwavuli. Miguuni pake kulikuwa na sanduku la vyombo na lile beseni, limeoshwa, limejaa maji safi.

"Nikipita haraka jeli itashika," Kiplimo alisema. "Kipkoech alisema mara moja inashika."

"Simama," Jecinta alisema.

"Hapa? Jecinta, hapa ndipo—"

"Najua ni wapi. Simama ashuke."

Kiplimo alimtazama mama yake kwenye kioo. Chelimo alikuwa amefumba macho. Akasimamisha, akaacha injini ikinguruma, mguu chini.

Springi zikainuka. Magdaline alipita kando yao na tumbo lake, akaingia kwenye ule weupe, akainama. Hakuweza kuona alichokuwa anaokota. Alipapasa. Mawe ya mvua na misumari viliingia aproni pamoja. Alifanya upande wa juu, mstari kwa mstari, na kila alipopita aliacha lami nyeusi nyuma yake. Uchungu ulimrudia Jecinta, akauma koti. Ukamrudia tena kabla haujamaliza kwenda. Chelimo alianza kusema jambo katika sikio lake, polepole, kwa Kipsigis, maneno yale yale, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Mbuthia alivuka na mwavuli wake, akausimamisha juu ya kichwa cha Jecinta.

"Msichana wangu, mbona mmesimama? Ni tairi?"

"Si tairi," Kiplimo alisema.

"Nimekuja na vyombo vyote, msije mkacheleweshwa. Siku kama hii tairi huwa zinasumbua."

Jecinta aliinua uso. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye nyusi. "Baba Mbuthia. Ile mvua ya mwaka jana, ulikuwa umesimama hapa hapa kabla dada yangu hajafika?"

"Ndiyo," Mbuthia alisema. "Mimi mvua ikinyesha husimama hapa. Watu hupata shida."

Aliusogeza mwavuli vizuri, upande ambao mvua ilikuwa inamlowesha Chelimo. Chelimo alifumbua macho, akautoa mwavuli kwa kiwiko.

Mbele yao Magdaline alikuwa amemaliza upande wa chini. Aproni ilikuwa imelemea mpaka magotini. Aliinua mkono.

Kiplimo akaachilia klachi. Walipita polepole katika njia nyeusi aliyowasafishia. Walikuwa karibu kumaliza kona. Mwishoni kabisa, pale maji yalipokuwa yanavuka barabara, kulikuwa na msumari mmoja uliokuwa umesukumwa na maji kutoka mahali pake. Wote waliusikia ukiingia. Tairi la nyuma lilianza kuzomea, na kila lilipozunguka lilirusha mstari wa kijani kwenye sketi ya Chelimo.

Mbuthia aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Alikuwa amesharudi kando na kushika ukingo wa beseni.

"Usisimame," Jecinta alisema.

Hakusimama. Tairi lilizomea, likazomea kidogo, likazomea kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Pikipiki ilianza kulegea nyuma. Kiti kilikuwa chepesi. Magdaline hakuwa amepanda tena, alikuwa nyuma huko amesimama na mzigo wake, na jeli yote iliyokuwa imezoea kusawazisha uzito wake haikuwa na kazi nyingine. Ilikimbilia tundu. Kuzomea kukakatika.

"Imeshika," Mbuthia alisema kwa sauti nyuma yao. "Mungu ni mwema." Akamwaga maji ya beseni kwenye mtaro.

Mtoto alizaliwa jioni hiyo, kabla muuguzi hajamaliza kuvaa glavu. Alikuwa msichana. Chelimo alisali kwanza, kwa sababu alikuwa mama wa kanisa. Halafu alimpakata mtoto na kuanza kumwitia majina ya waliotangulia, kama alivyowaitia watoto wake wote, ili atakayekuwa amerudi ajulikane kwa chafya.

"Mwite Magdaline," Jecinta alisema.

"Huyo ni wa kwenu. Mimi huita wa kwetu."

"Mwite tu, mama."

Chelimo alimwita Magdaline. Mtoto alimtazama. Alimwita tena, kwa sauti zaidi, akamsogezea puani kiasi kidogo cha ugoro wake wa siri. Mtoto alipiga miayo. Kwa muda kila mtu chumbani alingoja, hata muuguzi aliyekuwa na haraka. Kisha Chelimo akarudi kwenye majina ya kwao, na alipofika kwa shangazi yake Tabutany, mtoto akapiga chafya.

Jecinta aligeukia ukuta.

"Usilie," Chelimo alisema. "Si kwamba amekataa. Hawezi kurudi, bado yuko kazini."

Walirudi nyumbani mvua ikiwa imepumzika. Tairi lilikuwa na upepo wake wote, na kichwa cha ule msumari kiling'aa kwenye mpira kama jino. Kipkoech alikuwa ameshasema kwa simu usitolewe.

Kwenye kona Magdaline alikuwa akingoja, sweta ikidondosha maji, aproni tupu. Kiplimo alisimama. Kabla ya kupanda alikuja upande wa Jecinta, akafunua blanketi kwa kidole kimoja kilichokatika katika, akatazama. Alitazama vizuri. Kisha akafunika, akaenda kuketi mahali pake nyuma ya Chelimo, naye Chelimo akasonga.

Mbuthia alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, rundo kubwa kuliko yote likiwa mbele yake. Aliinuka, akavua kofia, akamwombea mtoto sala ndefu na nzuri. Alimwombea barabara zote atakazopita.

"Amina," Kiplimo alisema.

"Amina," Chelimo alisema.

Jecinta alifunga mdomo. Mbuthia alimngoja kidogo, kama mtu anayengoja kiraka kikauke, kisha akavaa kofia.

"Hiyo tairi mniletee niiangalie," alisema. "Msumari ukikaa ndani si vizuri."

Wakaondoka. Jecinta aligeuza shingo. Mzee alikuwa amemaliza kunyoosha. Alijaza mkebe, akautingisha kidogo usikilizike vizuri, akaanza kutembea kuelekea kona, akisalimia watu.

Kiplimo alisikia shati likishikwa mgongoni. Gurudumu halikutetemeka.